Kwani Ng'ombe Alikosa Nini?

Wiki ya kwanza ya Oktoba rafiki yangu wa Nairobi alinitumia klipu kwenye WhatsApp. Watu wako kanisani, wamevaa vizuri kama Jumapili yoyote, ila wamekuja na wanyama. Mbwa wamefungwa kamba, paka wako ndani ya vikapu, na msichana mmoja amembeba sungura kifuani kama mtoto anayesubiri ubatizo. Kasisi anapita akinyunyiza maji. Mbwa mmoja mweusi anaruka kuyaramba yale maji kabla hayajafika chini. Rafiki yangu alikuwa ameandika maneno matatu tu: "Wenzetu wa Karen."

Nilicheka. Kisha nikamwangalia Popi, aliyekuwa amelala mlangoni pa SQ yangu hapa Milimani, Kisumu, mguu mmoja juu ya kiatu changu. Nikafanya kosa moja: nikaituma klipu kwenye grupu ya familia.

Mjomba akajibu kwamba hizi ni dalili za siku za mwisho. Mama akatuma vikatuni vya kucheka, halafu akanyamaza kwa namna ambayo namjua. Dani, nyanya yangu aliye Nyakach, hasomi ujumbe. Binamu humchezea video na kumshikia simu. Sauti yake ilifika jioni, kwa Dholuo, ikiwa na kuku nyuma yake.

"Nyakwara," alisema, "tulipokuwa wasichana tulifundishwa kwamba ng'ombe hana habari na Mungu. Tukaacha. Sasa wanaingiza mbwa kanisani? Kwani ng'ombe alikosa nini?"

Nilisikiliza ile sauti mara tatu. Nilidhani ni utani wa mzee. Nilipoanza kusoma nikaona kwamba ni swali la historia, tena zuri kuliko lile nililokuwa nalo mimi. Yote yanayofuata ni jibu langu kwa Dani.

*

Tuanze na jambo ambalo lingemshangaza mjomba. Mtakatifu ambaye Wakristo wa Ulaya walimwekea wanyama wao chini ya ulinzi wake kwa karne nyingi alikuwa Mwafrika. Ni Antoni wa Misri, mtawa wa jangwani aliyefariki mwaka 356, na ambaye maisha yake yaliandikwa na Athanasi, askofu wa Aleksandria. Sikukuu yake ni tarehe 17 Januari.

Antoni mwenyewe hakuwa mfugaji. Wanyama walimfuata baada ya kufa, kupitia ugonjwa. Mwishoni mwa karne ya 11, huko Ufaransa, lilianzishwa shirika la watawa kwa jina lake, lililowatunza watu waliougua maradhi yaliyoitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Leo tunajua kwamba maradhi hayo yalitokana na kuvu iliyoota kwenye nafaka. Watawa hao walifuga nguruwe waliozurura mjini wakiwa na kengele shingoni, na watu wakawalisha kama sadaka. Mafuta ya nguruwe yalitumika kwa dawa ya kupaka. Ndiyo maana katika picha za kale Antoni anachorwa na nguruwe miguuni. Kutoka kwa nguruwe, ulinzi wake ukaenea kwa wanyama wote wa nyumbani.

Roma ilikuwa na kanisa la Antoni ambako kila Januari watu walipeleka farasi, nyumbu na punda. Mwandishi Mjerumani Goethe alikuwa Roma mwezi wa Januari 1787 na akaishuhudia siku hiyo: wanyama wamesukwa singa na mikia kwa utepe, makasisi wanawarushia maji kwa brashi kubwa, na waendesha magari ya farasi wanaleta mishumaa. Kwake ilikuwa kichekesho kidogo. Kwa mwenye farasi haikuwa kichekesho hata kidogo. Farasi akifa Februari, watoto wake hawali Machi.

Hebu kumbuka hilo: waliopeleka wanyama kanisani kwa mamia ya miaka hawakuwa watu wenye muda wa kuchezea. Walikuwa kama jamaa wa bodaboda, ila pikipiki yao ilikuwa na roho na ingeweza kuumwa tumbo. Kitabu cha ibada za Kirumi, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1614, kiliongezewa baraka kadiri miaka ilivyopita, na orodha ya wanyama humo ni kama orodha ya mali ya mkulima: farasi, ng'ombe, makundi ya mifugo, wanyama wagonjwa, nyuki, hata wale viwavi wanaotoa hariri. Mbwa wa kubembelezwa kwenye kochi hakuwekewa sala yake.

Kwa hiyo, Dani, jibu la kwanza ni hili: ng'ombe hakukosa chochote. Alikuwa ndani kabla ya mbwa.

*

Mbwa aliingia lini basi? Aliingia farasi alipotoka.

Gari na trekta viliwaondoa wanyama wa kazi kwenye miji ya Ulaya na Marekani ndani ya miongo michache ya karne ya 20. Aliyebaki na mtu ni yule asiye na kazi, au ambaye kazi yake ni kumngoja mwenyewe arudi nyumbani. Ibada ikamfuata huyo. Pia ilibadilisha mtakatifu: kutoka Antoni wa Januari hadi Fransisko wa Asizi, ambaye sikukuu yake ni tarehe 4 Oktoba.

Fransisko alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226, na mwaka 1228 Papa Gregori wa Tisa akamtangaza mtakatifu. Hadithi zake unazijua hata kama hujui kwamba unazijua: aliwahubiria ndege, akapatanisha mji wa Gubbio na mbwa mwitu aliyekuwa akiwala watu, na Krismasi ya 1223 kule Greccio akaleta ng'ombe na punda hai kando ya hori. Kila mwaka shule ya watoto wadogo inapowavika wengine ngozi za kondoo mbele ya mtoto Yesu wa plastiki, inaendeleza kazi yake.

Ila kumfanya Fransisko mtakatifu wa mazingira ni jambo la juzi. Mwaka 1925 mwandishi wa Berlin, Heinrich Zimmermann, aliandaa siku ya wanyama. Kuanzia 1929 ikasogezwa hadi tarehe 4 Oktoba, na ndiyo Siku ya Wanyama Duniani tunayoijua. Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika makala iliyoulaumu Ukristo wa Magharibi kwa kumfundisha binadamu kwamba dunia yote ni mali yake, kisha akapendekeza Fransisko awe mlezi wa wanaotetea mazingira. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza rasmi hivyo. Katika miaka ya 1980 kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yohana mjini New York likaanza ibada kubwa ya sikukuu hiyo, ambayo imewahi kupitisha hata ngamia na tembo mlangoni. Kutoka huko picha zikazunguka dunia, zikafika Karen, zikafika kwenye simu yangu.

Sasa unaona tatizo. Sisi huku tumepokea sura ya mwisho ya kitabu, tukadhani ndicho kitabu chote. Tunaona mbwa aliyeoshwa kwa shampuu tunasema, hiyo ni mambo ya wazungu. Na kwa jinsi ilivyotufikia, ni kweli.

*

Lakini Dani hakuuliza habari za Roma. Aliuliza kuhusu Nyakach.

Wamisionari wa Mill Hill walifika Kisumu mwanzoni mwa karne ya 20, muda mfupi baada ya reli, iliyofika ziwani mwaka 1901. Mwaka 1906 Waanglikana wakaanza Maseno, na mwaka huo huo Waadventista wakaanza Gendia, upande wa pili wa ghuba. Watu waliowakuta walikuwa wametoka kwenye msiba wa wanyama. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ulipita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na katika sehemu nyingi ukaua ng'ombe tisa kati ya kumi. Ng'ombe hawakuwa nyama tu. Walikuwa mahari, kwa hiyo walikuwa ndoa, kwa hiyo walikuwa watoto. Walikuwa deni na heshima.

Tena walikuwa na nafasi yao mbele ya kifo. Mzee wa heshima akifariki, Waluo walikuwa na tero buru, maana yake kupeleka vumbi. Vijana na wazee huwaswaga ng'ombe hadi nje ya boma, kwa mikuki, ngoma na nyimbo, kama watu wanaokwenda vitani, wakifukuza kifo kutoka kwenye mji, kisha wanarudi mbio na vumbi likiwa limetanda. Ng'ombe hawaendi pale kama mapambo. Ni wao pia waliofiwa.

Makanisa mengi yaliona upagani. Aliyebatizwa aliambiwa aachane na tero buru, aachane na kumwaga damu ya mbuzi kwa ajili ya mababu, aachane na kuwaombea mifugo kwa jua linapochomoza. Wengine waliacha, wengine waliendelea kimyakimya, na mpaka leo ukienda matanga utakuta wajomba wakibishana nyuma ya hema: ng'ombe watoke au wasitoke? Kinachoniuma ni hiki. Wale waliowaambia babu zetu kwamba ng'ombe hana habari na Mungu walitoka bara lililokuwa na baraka ya ng'ombe kwenye vitabu. Hao wa Mill Hill walikuwa Wakatoliki. Sala ya ng'ombe mgonjwa ilikuwa imechapishwa kwa Kilatini. Yaani kitu kile kile kilikuwa upagani kikifanywa Nyakach na desturi kikifanywa Roma.

Sisemi kwamba vitu hivyo viwili vilikuwa sawasawa. Mmisionari angeweza kunijibu kwamba moja ni kumwomba Mungu na nyingine ni kuwaogopa wafu, na katekista wetu wa kijijini bado husema hivyo. Lakini mwenye ng'ombe alikuwa na hofu ile ile pande zote mbili za bahari. Ya mmoja ilipewa maji ya baraka, ya mwingine ikapewa kemeo.

Halafu kuna Omieri.

Ukitoka pande hizi huhitaji kuelezwa, lakini wenzetu wa mbali wasikilize. Omieri ni jina la chatu wa Wasare, Nyakach, si mbali na kwa Dani. Chatu huyo alipotokea watu walisema mvua inakuja na mavuno yatakuwa mazuri. Mwaka 1987 moto wa nyika ulimchoma. Habari zikajaa magazetini, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa, na mwili wake ukahifadhiwa na makumbusho ya taifa. Mwaka 2003 chatu mwingine akatokea huko huko Wasare, na mabishano yakaanza upya. Wengine walimletea chakula na kumlinda. Wengine, Biblia mkononi, walisema nyoka ni Shetani tangu bustani ya Edeni na hafai kutunzwa.

Dani alikuwepo nyakati zote mbili. Nilipomuuliza alikuwa upande gani, alijibu kama mtu anayeulizwa kama amekunywa chai: "Jumapili nilikuwa kanisani. Jumatatu nilienda kumtazama Omieri. Mvua haiulizi wewe ni wa dhehebu gani."

*

Sasa nirudi Milimani, maana ile klipu na ule ukimya wa mama vinahusu Milimani zaidi ya Wasare.

Karibu kila mji mkubwa wa reli nchini una Milimani yake: Nairobi, Nakuru, Kitale, hapa kwetu. Jina ni la kijiografia lakini maana yake ilikuwa ya kijamii: pale juu penye upepo, walikokaa Wazungu. Mwaka 1913, tauni ikiwa tishio katika miji ya Afrika Mashariki, Uingereza ilimtuma Profesa W. J. Simpson kukagua afya ya miji hiyo, na ripoti yake ikapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mitaa tofauti. Tauni ililetwa na viroboto vya panya, lakini aliyehamishwa alikuwa mtu. Kisumu nayo ilipangwa kwa rangi: nyumba kubwa zenye bustani upande wa ziwa, maduka ya Wahindi katikati, na Mwafrika huko nje, isipokuwa kama ameajiriwa.

Babu yangu aliajiriwa. Miaka ya 1950 alikuwa mpishi katika moja ya nyumba hizi. Alilala kwenye chumba kidogo nyuma, kile tunachokiita SQ, na ndicho aina ya chumba ninachokodi mimi leo kwa pesa ambayo ingemfanya aketi chini. Kila nyumba ilikuwa na mbwa, na kila mbwa alikuwa amefunzwa rangi. Hakumbwekea mgeni wa mwenye nyumba. Alimbwekea aliyeingia kwa mlango wa nyuma na kikapu cha mboga. Jioni moja babu alirudi kutoka sokoni, mnyororo ukawa haujafungwa. Kovu lilikuwa chini ya goti la kushoto, refu kama kidole. Mama alikua akiliona kila babu alipokunja suruali kuosha miguu. Alimuuliza mara moja tu. Babu alisema, "Mbwa wa watu alinisahau," akabadilisha mazungumzo.

Waulize wazee wa mji wowote wa Kenya kuhusu mbwa na hutasikia habari za rafiki wa binadamu. Utasikia habari za geti. Uhuru ulikuja, nyumba za Milimani zikapata wenyewe wapya wenye majina yetu, na kibao cha MBWA KALI kikabaki pale pale, kwa Kiswahili, maana hakikuandikwa kwa ajili ya aliyefika na gari.

Hata utetezi wa wanyama nchini ulianza na utata huo. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilianzishwa mwaka 1910, chimbuko lake likiwa ni huruma kwa maksai waliokokota mizigo. Huruma ya kweli, sina shaka. Lakini wakati huo huo kiboko, mnyama wa ziwa letu, alikuwa amegeuzwa kuwa jina la mjeledi uliochanwa kutoka kwa ngozi yake, na mjeledi huo ulitumika kwa migongo ya watu. Maksai alikuwa na chama.

Ndiyo maana mama alinyamaza. Siku mbili baadaye alipiga simu. "Nimeona uliandika ungependa kumpeleka Popi."

"Nilikuwa natania, mama."

"Hukuwa unatania." Kisha, polepole: "Babangu aliumwa na mbwa hapo hapo unapolala. Hakuna padri aliyekuja kuliombea lile goti."

Sikuwa na jibu. Bado sina zuri.

*

Hata hivyo nimesoma kile ambacho baraka hiyo inasema, na hakikuwa nilichotarajia.

Kitabu cha Baraka cha Kanisa Katoliki, kilichotolewa Roma mwaka 1984, kina ibada ya kuwabariki wanyama. Haimbatizi mnyama. Haisemi ana roho ya kwenda mbinguni, wala haisemi hana. Inamshukuru Mungu kwa viumbe, inakumbusha kwamba wameumbwa naye na wanahudumia maisha ya binadamu, na inaomba tuwatumie ipasavyo. Ukiitazama vizuri, mnyama hapewi agizo lolote. Agizo linamwendea aliyeshika kamba. Kuna jambo lingine dogo ambalo nililisoma mara mbili: ibada hii si lazima iongozwe na padri au shemasi. Mlei anaweza kuiongoza.

Basi nikajiuliza, tukiirudisha mwanzo wake, kwa wanyama wa kazi na watu wenye hofu ya kweli, foleni ya Kisumu ingekuwaje?

Wa kwanza angekuwa punda. Mwaka 2012 sheria ilimruhusu Mkenya kumchinja punda kwa biashara, na kuanzia 2016 machinjio yakafunguliwa, yakafika manne, kwa sababu China ilitaka ngozi zake kutengeneza dawa. Punda wakaanza kuibwa usiku. Mama wa kuuza maji akaamka akute kamba imekatwa. Mwaka 2020 serikali ikapiga marufuku, mwaka uliofuata mahakama ikaitengua marufuku hiyo. Huyo mama ndiye yule mwenye farasi wa Roma. Hana kichekesho chochote.

Wa pili ng'ombe, tena na habari njema. Sotoka ile iliyowamaliza ng'ombe wa babu zetu haipo tena duniani. Chanjo iliyofanya kazi kubwa ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, hapa Kenya. Mara ya mwisho ugonjwa huo kuthibitishwa popote ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba umetokomezwa. Ndui na sotoka: katika historia yote ya binadamu ni magonjwa mawili tu tumeyamaliza, na la pili lilikuwa la ng'ombe. Nisingejua kuna sikukuu yake. Hakuna.

Wa tatu ndiye mbwa, na yeye aje na kadi. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Kenya, wengi wao watoto, karibu wote kwa kuumwa na mbwa asiyechanjwa. Mpango wa taifa wa 2014 unataka vifo hivyo viishe ifikapo 2030, na njia yenyewe inajulikana: chanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Sikukuu ya Fransisko ni tarehe 4 Oktoba. Kati yake ni siku sita. Parokia ambayo ingemwita daktari wa mifugo Jumapili hiyo, sindano kwanza halafu maji, ingekuwa imeilinda miguu ya watoto kuliko mahubiri mengi.

Wazo hilo nililipeleka kwa padri mmoja hapa mjini, baada ya misa. Alinisikiliza, akacheka bila ubaya, akasema, "Nikitangaza mbwa, nani atanisikiliza nikitangaza harambee ya paa?" Kisha akawa makini. "Lakini chanjo... Hebu nikumbushe Agosti." Nimeiweka kwenye simu.

*

Desemba nilimpeleka Popi Nyakach. Matatu mbili zilitukataa, ya tatu ikanitoza nauli ya mtu mzima kwa ajili yake. Alikuwa amechanjwa, nilibeba kadi kama pasipoti.

Dani ana ng'ombe wawili na ndama mmoja. Pia, kama bibi wengi Wakatoliki, ana chupa ya maji ya baraka ya Pasaka, chupa ya soda ya nusu lita, nyuma ya picha ya Bikira Maria. Nilikuwa nimemsimulia yote haya kwa siku mbili, Antoni wa Misri, nguruwe wenye kengele, na sala ya Kilatini ambayo hakuna aliyemwambia kwamba ipo. Alisikiliza akichambua omena. Alipofika sehemu ya mlei alinikatiza.

"Mlei ni mimi?"

"Ni wewe, Dani."

"Na hilo limeandikwa?"

"Tangu 1984."

Akahesabu kwa vidole. "Babu yako alikuwa hai."

Asubuhi iliyofuata alitoka na chupa kabla sijanawa uso. Alizunguka zizi polepole, upande wa jua kwanza, akimwagia kila ng'ombe maji kidogo kwenye paji la uso na kumtaja kwa jina. Sala yake ilikuwa Baba Yetu kwa Dholuo, na katikati yake aliongeza mambo ambayo hayamo kwenye Baba Yetu: mvua, kupe, yule mnunuzi wa maziwa anayepunguza kipimo. Sijui katekista angesemaje. Dani hakumwita.

Kisha akamfikia Popi, aliyekuwa amekaa kando yangu kwa adabu ambayo huwa hana. Akasimama. Akamtazama kwa muda mrefu, kutoka masikio hadi makucha.

"Huyu," akasema, "babu yako asingekubali."

"Najua."

Chupa ilikuwa imebaki na maji kama ya kikombe cha kahawa. Hakuyamwaga, wala hakuifunga. Alinipa mkononi.

"Wewe ndiye uliyemleta," akasema, akaenda kukama.